Bampa la kuchomelewa Gerezani na kiatu cha stendi: tathmini ya kinga ya pikipiki inayoanguka ikiwa imesimama

Ukipita kwenye kijiwe chochote cha bodaboda jijini Dar es Salaam na kutazama kwa makini leva za klachi, ncha za usukani na taa za ishara, utaona alama za mianguko ambayo haikutokea barabarani. Pikipiki ilikuwa imeegeshwa, injini imezimwa, mwenyewe amekaa pembeni, na stendi ikazama mchangani taratibu, au mtoto akapanda kucheza, au abiria akashuka kwa upande mmoja huku mzigo ukiwa bado umefungwa kwenye keria. Mwanguko wa namna hiyo hauitwi ajali na hauandikwi popote, na bima ndogo ya mtu wa tatu, ambayo ndiyo wengi wetu tunayo, hailipii uharibifu wa chombo chako mwenyewe. Gharama yote hubaki kwa mwenye pikipiki, na kwa anayeishi kwa hesabu ya siku, leva iliyovunjika saa moja asubuhi ni kazi iliyosimama mpaka duka la spea lifunguliwe.

Tathmini hii inahusu vitu viwili nilivyotengenezewa na karakana ya uchomeleaji iliyopo Gerezani, eneo ambalo wakazi wa Dar es Salaam wanalifahamu kwa mafundi wa vyuma na wauzaji wa vipuri. Kitu cha kwanza ni bampa la kukinga injini, na cha pili ni bamba linalochomelewa chini ya stendi ya pembeni, ambalo mafundi wenyewe huliita kiatu. Vyote viwili vimefungwa kwenye pikipiki ya cc 150 yenye injini inayopozwa kwa hewa, ya umbo lile lile linalotumiwa na waendesha bodaboda wengi nchini. Nimevitumia kwa muda wa kutosha, msimu wa masika ukiwemo, na pikipiki imeanguka upande wa kushoto na baadaye upande wa kulia, kwa hiyo ninayoyasema hapa yametokana na matumizi na siyo maneno ya muuzaji.

Ili kuelewa kwa nini bampa moja hufaa na jingine halifai, ni lazima kwanza kujua pikipiki iliyosimama huangukaje. Matairi hayahami mahali pake. Chombo kizima huzunguka kwenye mstari wa matairi hayo kama mlango unavyozunguka kwenye bawaba, na kwa sababu hiyo kitu kilicho juu zaidi na mbali zaidi na ardhi ndicho kinachofika chini kikiwa na kasi kubwa zaidi. Ncha ya usukani, leva na kioo cha pembeni hupata kipigo cha kasi, ilhali sehemu za chini, yaani sehemu ya kukanyagia, kava za injini na ekzosi, hupokea uzito. Pikipiki za aina hii huzidi kilo 100 zikiwa tupu, na uzito huo haugawanyiki sawasawa; hutua juu ya sehemu mbili au tatu ndogo ambazo hazikuundwa kubeba chochote.

Upande wa kushoto, hatari kubwa kuliko zote ni pedali ya gia. Ikipigwa na ardhi husukumwa kwa ndani, na ikiwa ngumu kiasi cha kutokunja hugonga kava ya magineti, yaani kifuniko cha injini cha upande huo, na kuipasua, au huupindisha mhimili wake na kuiharibu sili ya oili. Kava hiyo ni ya aluminiamu, hivyo haibonyei kama bati bali hupasuka. Upande wa kulia kuna kava ya klachi, pedali ya breki ya nyuma na ekzosi, na kwa pikipiki zenye breki ya diski mbele, kuna pia kikombe cha mafuta ya breki juu ya usukani. Pikipiki ikilala kabisa kwa ubavu, upande wowote, petroli humwagika kupitia mpira wa kabureta na wakati mwingine kupitia kifuniko cha tangi, na betri ya maji nayo huanza kutoa asidi inayokula rangi na nyaya. Kwa hiyo kinga nzuri ina kazi mbili: kupokea uzito kabla haujafika kwenye injini, na kuizuia pikipiki isilale kabisa kwa ubavu.

Karakana niliyoiendea ilianza kazi kwa namna iliyonipa imani. Fundi hakuchukua bampa lililokwisha kutengenezwa na kulilazimisha likae. Aliondoa tangi la petroli na kuliweka mbali, akachomoa waya wa betri, kisha akawaomba vijana wake wawili wailaze pikipiki polepole juu ya matairi chakavu, kushoto kwanza na kulia baadaye, ili aone ni kitu gani hugusa kwanza na kwa umbali gani. Kuondoa tangi ni suala la uhai, kwa sababu cheche za mashine ya kuchomelea na mvuke wa petroli havipaswi kuwa mahali pamoja. Kuchomoa betri nako si hiari, kwa kuwa umeme wa kuchomelea unaweza kupita kwenye nyaya na kuunguza kifaa cha moto wa plagi, ile CDI, na hapo pikipiki haitawaka tena mpaka ununue nyingine. Fundi asiyefanya mambo haya mawili bila kuombwa, mwondokee.

Bampa lenyewe limetengenezwa kwa bomba la chuma la inchi moja lenye unene wa milimita 2. Lilishikizwa kwanza kwa nukta chache za moto likiwa mahali pake, kisha likaondolewa na kuchomelewa kikamilifu mezani, jambo lililoiepusha fremu na joto lisilo la lazima. Lina pete mbili, moja kila upande, zinazoungana mbele ya injini kwa bomba la kukatisha. Juu limefungwa kwenye bomba la fremu linaloshuka mbele, kwa kutumia bolti inayoshika injini. Chini limefungwa kwenye bamba la sehemu ya kukanyagia. Bolti ya zamani ya injini ilikuwa fupi kwa unene mpya, na fundi aliibadilisha kwa ndefu zaidi yenye alama ya 8.8 kichwani. Alama hiyo inamaanisha chuma kigumu kuliko bolti laini zinazouzwa kwa kupimwa kwa kilo, nami ningemshauri kila mtu aitazame kwa macho yake kabla ya nati kukazwa.

Mfungo huo wa chini ndio unaolitofautisha bampa hili na mengi ninayoyaona mitaani. Bampa lililofungwa sehemu moja tu, pale mbele juu, huonekana imara ukilitikisa kwa mkono, lakini uzito wa pikipiki unapotua kwenye ncha yake huwa wenzo mrefu unaolisokota bomba la fremu. Utaokoa kava na kupinda fremu, na fremu mpya hakuna duka linaloiuza kwa bei ya mtu wa kawaida. Ukiwa na mfungo wa juu, mfungo wa chini na bomba la kukatisha katikati, nguvu ya kipigo hugawanyika, na kinachopinda kwanza, kama ni lazima kitu kipinde, ni bampa lenyewe. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Bomba lenye unene wa milimita 2 lina ugumu wa kubeba na ulaini wa kukunja kidogo, na ndiyo maana sikubaliani na wanaodai bomba zito la maji, ambalo huongeza uzito na kuupeleka mshtuko wote kwenye fremu.

Upana ulipimwa kwa kamba. Fundi alivuta kamba kutoka ncha ya usukani hadi ukingo wa nje wa bampa, kisha kutoka hapo hadi kona ya keria ya nyuma, na kila kilichotokeza nje ya kamba kilihesabiwa kuwa kitagonga ardhi. Kava zote mbili zilibaki ndani, pedali ya gia ikabaki ndani, na taa za ishara za mbele zikabaki ndani kwa kiasi kidogo. Kioo cha pembeni na ncha ya leva vilitokeza, na hapo ndipo mpaka wa kazi ya bampa lolote ulipo. Wakati huo huo bampa halikuruhusiwa kuwa pana kuliko usukani, kwa sababu mwendeshaji hupima uwazi kati ya magari kwa kuangalia usukani wake. Bampa linalozidi hapo litanasa kwenye bampa la daladala katika foleni ya Kariakoo, na kifaa cha kuzuia mwanguko wa kusimama kitakuwa kimesababisha mwanguko wa mwendo.

Pikipiki ilipoangukia kushoto ilikuwa imeegeshwa kando ya barabara yenye lami, ikiwa na mfuko wa mchele kwenye keria, na gari lililokuwa likirudi nyuma likaisukuma. Ilitua juu ya bampa, ncha ya usukani na kona ya keria. Rangi ya bampa ilikwanguka kwa urefu wa kiganja, mpira wa mshikio ukachanika mwishoni, na kioo kikageuka kwenye shina lake bila kuvunjika. Kava ya magineti na pedali ya gia hazikuguswa kabisa. Jambo lililonifurahisha zaidi ni kwamba pikipiki haikulala kabisa kwa ubavu bali ilibaki imeegemea kwa pembe, hivyo petroli haikumwagika, na mtu mmoja aliweza kuinyanyua. Mwanguko wa upande wa kulia ulitokea kwenye changarawe, na matokeo yalikuwa karibu yale yale, isipokuwa leva ya breki ilipinda kidogo na bampa likasogea kwa ndani kwa kiasi ambacho fundi alilirudisha kwa bomba refu na nguvu za mikono.

Kasoro zipo. Umaliziaji wa kazi ulikuwa hafifu kuliko uchomeleaji wenyewe. Ncha mbili za bomba ziliachwa wazi, na mvua za masika zilipoingia ndani, maji ya kutu yakaanza kudondoka kwenye kava ya injini. Kwa mji wa pwani, wenye hewa ya chumvi, ncha za bomba zinapaswa kuzibwa kwa bati na kuchomelewa pande zote, na chini kabisa kitobolewe kitundu kidogo cha kutolea unyevu. Rangi ilipakwa moja kwa moja juu ya chuma bila rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na viungo vya moto, ambavyo ndivyo hushambuliwa kwanza, vilianza kuchubuka mapema. Nilirudi, na karakana ilirekebisha yote hayo bila kudai malipo ya ziada, lakini kazi nzuri kiasi hicho haikustahili kuondoka mezani ikiwa katika hali hiyo. Aidha, mtetemo wa injini ya silinda moja hulegeza nati, na karakana ilitumia washa za kawaida pale ambapo zilihitajika za springi au nati zenye plastiki ya kujikaza. Nimezibadilisha mwenyewe, na tangu hapo hazijalegea.

Sasa kuhusu kiatu cha stendi, ambacho ni kidogo, hakina mvuto wowote wa kutazama, na kwa maoni yangu ndicho kilichoniokolea fedha nyingi zaidi. Mguu wa stendi ya pembeni ulikuwa na uso wa kama sentimita 3 kwa 4. Uzito wote unaoegemea kushoto huelekezwa kwenye uso huo mdogo, na juu ya mchanga wa Mbagala, tope la baada ya mvua, au hata lami iliyolainika kwa jua la mchana, mguu huanza kuzama polepole. Pikipiki huzidi kulala, uzito unaoelekea kwenye mguu huongezeka, nao huzama zaidi, mpaka chombo kianguke wakati mwenyewe amekwisha kusahau kwamba kipo. Bamba la sentimita 8 kwa 10 hupunguza mgandamizo huo kwa zaidi ya mara sita, na tofauti yake huonekana siku ya kwanza unapoegesha kwenye uwanja wa mchanga.

Kazi hii inaonekana rahisi, lakini ina mitego ambayo fundi wangu aliijua. Bamba nene kupita kiasi huinua mguu, pikipiki husimama wima mno, na upepo au kiwiko cha mpita njia hutosha kuiangusha upande wa kulia, ambako hakuna stendi ya kuizuia. Alitumia bamba la milimita 5 na kukata kiasi hicho hicho kwenye mguu kabla ya kulichomelea. Alilipinda kidogo kingo zake ziangalie juu, ili lisikwaruze ardhi pikipiki inapolala kwenye kona ya kushoto, na akahakikisha kwamba stendi ikikunjwa bamba haligusi mnyororo wala tairi. Kisha akakagua springi, kwa sababu uzito ulioongezeka unaweza kuifanya stendi ishuke yenyewe barabarani, na hilo ni hatari kubwa kuliko kuanguka ukiwa umesimama. Alibaini pia kwamba bolti ya mhimili wa stendi ilikuwa imelika, na akaweka bushi mpya. Mhimili uliolika huiruhusu pikipiki kulala zaidi ya ilivyokusudiwa, na pikipiki nyingi zinazodhaniwa kuwa na stendi fupi kwa kweli zina tatizo hilo tu.

Nimeyalinganisha haya na mabampa ya kung'aa yanayoletwa kutoka nje na kuuzwa katika maduka ya spea ya Kariakoo. Yanapendeza, hayahitaji kusubiri, na bei yake ni nafuu. Lakini mengi niliyoyashika ni ya bomba jembamba, na hufungwa kwenye fremu kwa bolti zenye umbo la U zinazotegemea msuguano peke yake. Pikipiki ikiangukia bampa la aina hiyo, mfungo huzunguka kwenye bomba la fremu, bampa husukumwa nyuma, na ukingo wake huenda kugonga kava ile ile uliyotaka kuikinga. Kwa anayetaka kupumzisha miguu safarini, linafaa. Kwa kazi tunayoizungumzia, sioni sababu ya kulinunua.

Anayetaka kuona kinga iliyofikiriwa tangu kiwandani aitazame Yamaha AG100, pikipiki iliyoundwa kwa ajili ya mashamba na ambayo miradi mingi ya vijijini barani Afrika imeitumia. Ina vyuma vya kukinga injini, ina kinga mbele ya leva, na ina stendi za pembeni kushoto na kulia, ili mkulima aegeshe upande ambao mteremko unaruhusu. Waliyoyaona wahandisi wake ni yale yale yanayomkabili mwendeshaji wa bodaboda anayesimama kwenye vichochoro visivyo na lami, na ni jambo la kusikitisha kwamba pikipiki zinazobeba watu wetu kila siku huuzwa bila hata nusu ya kinga hizo.

Kwa leva, ambazo nilisema bampa halizifikii, kuna tiba isiyogharimu kitu. Bolti zinazobana kishikio cha leva kwenye usukani zikazwe kiasi cha kutosha leva isihame kwa matumizi ya kawaida, lakini zisikazwe mpaka mwisho, ili leva ikipigwa na ardhi izunguke kwenye usukani badala ya kuvunjika. Karakana ilinionyesha hivyo bila kuulizwa. Kinga za mikono za plastiki zinazouzwa madukani huzuia upepo na mvua, nazo zina faida yake, lakini zisizo na chuma ndani zisihesabiwe kuwa kinga ya mwanguko.

Hata ukiwa na vyote hivi, pikipiki ikianguka usikimbilie kuiwasha. Funga koki ya petroli, weka gia ili matairi yasibingirike, na kama imeangukia kulia fungua stendi ya pembeni kabla ya kuinyanyua. Ipe kisogo, shika usukani kwa mkono mmoja na fremu au keria kwa mwingine, kisha sukuma kwa nguvu za miguu huku mgongo ukiwa umenyooka. Ikishasimama, kagua oili na mafuta ya breki, hakikisha waya wa mafuta, ule wa kuongeza mwendo, haujakwama, na uiache itulie dakika chache ili oili irudi chini na petroli iliyojaa kwenye kabureta ipungue. Moshi wa bluu kwa muda mfupi baada ya hapo ni wa kawaida.

Bampa lilinigharimu shilingi 70,000 pamoja na rangi na bolti, na kiatu pamoja na bushi shilingi 10,000. Mwenye uwezo wa kimoja tu aanze na kiatu, kwa sababu hupunguza mianguko yenyewe, na bampa lifuate fedha ikipatikana. Anayekwenda Gerezani kwa kazi hii aende asubuhi siku ya kazi, tangi likiwa na petroli kidogo, na akubaliane kabla ya kazi kuanza juu ya mambo manne: mfungo wa chini, kuzibwa kwa ncha za bomba, rangi ya kuzuia kutu, na nati za kujikaza. Kazi yote huchukua nusu siku, na inafaa ukae hapo hapo mpaka pikipiki ilazwe tena juu ya matairi chakavu na uone kwa macho yako kwamba bampa ndilo linalogusa chini kwanza.